Hazina ya Msimbo na Adabu za Kuishiriki

Programu ya kompyuta, ingawa mtumiaji huiona kama kitu kimoja kilichokamilika, aghalabu ni kazi ya mikono mingi, nayo huandikwa na kuandikwa upya na watu ambao huenda wasionane maisha yao yote; na wale wanaoianza kazi hiyo kwa kupelekeana mafaili kwa barua pepe hawakawii kuonja taabu yake, kwani mmoja hufuta alichosahihisha mwenziwe, mwingine huendelea na nakala ya juma lililopita, na hatimaye hapana ajuaye ipi ndiyo sahihi. Dawa ya taabu hiyo ni hazina ya msimbo, yaani mahali pamoja panapohifadhiwa mafaili yote ya programu na historia ya kila badiliko: nani alilifanya, lini, na kwa sababu gani.

Chombo kinachotumika zaidi leo kwa kazi hiyo ni Git, kilichoundwa mwezi wa Aprili 2005 na Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, baada ya watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, chombo kilichokuwa mali ya kampuni. Wengi huchanganya Git na GitHub. Git ni programu ikaayo katika kompyuta yako na kufanya kazi hata pasipo intaneti, ilhali GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018, ni mahali mtandaoni ambapo hazina za Git huwekwa ili watu wazishiriki. Na GitLab, mahali pengine pa namna hiyo, au seva ya shirika lako mwenyewe, huweza kutimiza haja iyo hiyo.

Kuanzisha hazina ni jambo jepesi. Ukiwa ndani ya folda ya kazi yako, amri ya git init huifanya folda hiyo kuwa hazina. Amri ya git add huteua mafaili yatakayohifadhiwa. Na git commit hulitia badiliko katika historia pamoja na jina lako, saa, na ujumbe uliouandika. Kila badiliko hupewa alama, kwa kawaida ya herufi na tarakimu 40, inayotokana na hesabu ya yaliyomo ndani yake na ya badiliko lililolitangulia, hata mtu akigeuza herufi moja ya yaliyopita, alama zote zinazofuata hugeuka na hila yake hudhihirika.

Fauka ya hayo, hazina njema haikosi mafaili matatu: README, limwelezalo mgeni programu ni nini na huendeshwaje, LICENSE, lenye leseni, kwa kuwa msimbo uliowekwa hadharani bila leseni haumpi msomaji idhini ya kuutumia apendavyo, na .gitignore, orodha ya yasiyofaa kuingizwa. Miongoni mwa yasiyofaa, la kwanza ni nenosiri. Mwanafunzi hulisahau ndani ya msimbo, kisha hulifuta kesho yake akidhani amesalimika, kumbe historia imekwisha kulihifadhi. Nenosiri lililovuja namna hiyo sharti libadilishwe mara moja.

Ama anayejiunga na hazina ya wengine, huanza kwa git clone, amri imleteayo nakala kamili pamoja na historia yote. Asiandike moja kwa moja katika tawi kuu, yaani mkondo wa msimbo unaotegemewa na wote, bali afungue tawi lake kwa git switch -c, afanye kazi yake humo, alipeleke kwa git push, kisha aombe liunganishwe. Na asiye na ruhusa ya kuandika katika hazina hiyo hujifanyia nakala katika akaunti yake na kuleta ombi kutoka huko. Wenyeji watalisoma, watahoji, na pengine watataka marekebisho. Hayo si dharau. Ndiyo njia ambayo makosa hunaswa kabla hayajamfikia mtumiaji.

Ikitokea watu wawili wamebadili mstari mmoja kwa namna mbili, Git haibahatishi: husimama, hutia alama mahali penye mgongano, na kuwaachia wanadamu uamuzi. Ili migongano iwe michache, kabla ya kuanza kazi vuta mabadiliko mapya kwa git pull, na ulete mabadiliko madogo madogo, kila moja likiwa na kusudi moja.

Amri hizi hujifunzwa kwa siku chache; adabu ndiyo inayotaka uangalifu wa daima, na kipimo chake ni ujumbe. Anayeandika “nimerekebisha” hajamwambia mtu kitu. Anayeandika “Zuia hesabu ya kodi isikwame bei inapokuwa sifuri” amemfaa mwenziwe atakayeusoma msimbo huo baada ya miaka, ambaye hatakuwa na mwingine wa kumwuliza. Hazina ya msimbo ni amana, na kila aandikaye humo huwaandikia wajao.

Basi, ndugu msomaji unayeanza, usingoje mpaka uwe bingwa. Sahihisha kosa la tahajia katika maelezo, au tafsiri ukurasa mmoja kwa Kiswahili ambapo mradi unapokea tafsiri. Soma kwanza kanuni za wenyeji, omba kwa upole, pokea masahihisho kwa moyo mkunjufu, na uandike ujumbe ulio wazi. Fundi hutambulikana kwa hayo.