Miale na Dawa Nyingine kwa Limfoma ya Ngozi

Somo lililopita lilihusu chembe nyeupe za damu, askari wa mwili. Leo tutawatazama askari walioasi.

Ndani ya ngozi yako chembe hizo hupiga doria daima. Pengine aina moja, limfosaiti T, huharibika na kuzaana bila kipimo papo hapo ngozini. Hiyo ndiyo limfoma ya ngozi. Namna yake ijulikanayo zaidi ilielezwa mwaka 1806 na daktari Mfaransa, Jean-Louis Alibert, wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris. Kwa kuwa uvimbe aliouona ulifanana na uyoga, ugonjwa uliitwa maikosisi fangoidesi. Jina hilo hupotosha, maana ugonjwa huu hauletwi na kuvu, wala hauambukizi.

Huanza kwa mabaka, mara nyingi mahali pasipopata jua, kama matakoni. Katika ngozi nyeusi baka laweza kuwa jeupe kuliko ngozi iliyolizunguka, na mtu akadhani ni choa au hata ukoma, akapaka dawa miaka mingi bure. Ili kuujua hasa, sharti kipande kidogo cha ngozi kikatwe na kutazamwa kwa hadubini.

Sasa tuje kwenye miale. Eksirei hupenya mwilini mpaka ndani sana. Elektroni zina tabia nyingine: kwa nguvu ndogo hukomea karibu na ngozi, kama mvua ya rasharasha iloweshayo udongo wa juu tu. Chembe za limfoma hii nazo hufa upesi kwa miale. Miale hupimwa kwa grei, na mara nyingi baka moja huyeyuka kwa grei 8 tu, zikitolewa kwa mara mbili.

Lakini kama mabaka yameenea mwili mzima? Huko Stanford, California, tangu miaka ya 1950, wagonjwa walisimamishwa mbali na mashine na kupigwa elektroni ngozi yote. Leo mgonjwa husimama kwa mikao sita, macho yakiwa yamekingwa. Nyayo na mikunjo ya mwili hufichika, kwa hiyo huongezewa peke yake. Zamani zilitolewa grei 30 hadi 36 kwa wiki nane au kumi. Siku hizi wengi hupewa 12, kwa kuwa kipimo hicho chaweza kurudiwa. Nywele na kucha huweza kutoka, na jasho likakauka kwa muda.

Taabu ni kwamba mabaka hurudi. Ndiyo sababu miale huunganishwa na tiba nyingine: marhamu ya mekloretamini (dawa iliyozaliwa katika uchunguzi wa gesi ya sumu ya vita, ajabu kweli), mwanga wa urujuanimno, vidonge vya beksaroteni, au sindano za intaferoni. Hizo husaidia kulinda ngozi iliyokwisha safishwa.

Je, si heri kutoa zote pamoja, mapema? Wengi wetu tungejibu ndiyo. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ililijaribu jambo hilo kwa wagonjwa 103, na matokeo yakatolewa mwaka 1989. Nusu yao walipewa elektroni mwili mzima pamoja na dawa kali za saratani. Wengine walianza na tiba za ngozi, wakaongezewa kadiri ilivyohitajika. Kundi la kwanza ngozi zilisafika kwa wengi zaidi, asilimia 38 dhidi ya 18, lakini waliteseka zaidi, na hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao. Kwangu mimi, hakuna hesabu ya maana kuliko hiyo katika somo hili. Tangu hapo madaktari huanza na tiba nyepesi, huku nzito zikingoja zamu yake.

Tena miale, mwanga na mekloretamini zaweza, baada ya miaka, kuzua saratani nyingine za ngozi, na hatari hizo hujumlishana. Basi ukiwa na jamaa anayetibiwa, iwe Ocean Road, Dar es Salaam, au kwingineko, mwulize daktari amepokea grei ngapi, na mahali gani pa mwili. Yaandike katika daftari, pamoja na tarehe. Daktari atakayefuata ataiomba hesabu hiyo kabla ya kuwasha mashine.

Juma lijalo tutasoma habari za ini. Kwaherini.