Muziki wa Filamu si Pambo

Katika somo la fasihi simulizi, mwanafunzi huulizwa aeleze dhima ya wimbo katika ngano. Naye hujibu pasi na kusita: wimbo huwashirikisha wasikilizaji, hutenganisha matukio na huibua hisia. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo atazamapo filamu, huuona muziki wake kuwa pambo tu. Mimi nashikilia kuwa muziki huo ni msimulizi kamili, tena msimulizi asiyeonekana. Na hapo ndipo penye hatari.

Tuchukue mfano wa The Birth of a Nation, filamu ya Mmarekani D.W. Griffith iliyotoka mwaka wa 1915. Filamu za enzi hiyo hazikuwa na sauti. Muziki ulipigwa na okestra mle mle ukumbini. Wapanda farasi wa Ku Klux Klan, kundi lililowatesa na kuwaua watu weusi, walipotokea wakienda mbio, okestra ilivumisha muziki wa Richard Wagner kuhusu mabinti wa vita wapaao angani kwa farasi. Picha iliwaonyesha wauaji kama waokoaji. Muziki ukamsisimua mtazamaji kabla hajapata nafasi ya kuhoji. Mwaka huo huo, kundi hilo lililokuwa limezimika lilifufuliwa katika jimbo la Georgia. Sidai kwamba muziki peke yake ndio uliolifufua, lakini haukosi lawama.

Mnamo 1979, Francis Ford Coppola aliutumia muziki uo huo katika Apocalypse Now. Safari hii unatoka katika vipaza sauti vya helikopta za Marekani zinazokwenda kushambulia kijiji nchini Vietnam. Ghafla muziki unakatika, nasi twaonyeshwa watoto wa shule katika utulivu wa kijiji hicho. Mtazamaji aliyekuwa akisisimka huingiwa na haya. Muziki ni ule ule, ila sasa hila yake imewekwa wazi.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, tuwaonyeshe wanafunzi kipande kimoja cha filamu mara mbili: kwanza sauti ikiwa imezimwa, kisha ikiwa imefunguliwa. Halafu tuwaulize: ni nani aliyewaamuru kumpenda mhusika huyu?

Siku hizi hata matangazo ya wanasiasa huja na muziki wake. Kijana asiyefunzwa kusikiliza atalia anapotakiwa kulia, na kushangilia anapotakiwa kushangilia.