Mama wa vitunga na kalenda yetu



Jina la huyu mama lilikuwa karibu kufutwa. Kanuni ya mradi inasema: mwanachama akikosa mafunzo mara tatu bila kutoa sababu, anatolewa kwenye liste ya mkopo wa mbegu. Yeye alikosa mara tatu, zote siku ya tatu, saa nane ya mchana. Kwenye kaye yetu kulikuwa na misalaba mitatu ya bic nyekundu mbele ya jina lake. Mmoja wetu akasema, "Huyu hana nia." Tunaandika neno hilo hapa kwa sababu lilisemwa, na siku ile hakuna kati yetu aliyelikataa.

Kabla ya kufuta tuliamua kwenda kwake, kwenye milima ya Walungu, tukaomba kukaa naye siku mbili. Alicheka. "Mukuje," akasema, "lakini sitawawekea viti. Mutanifuata." Yeye mwenyewe alituomba tusiandike jina lake, kwa hiyo hapa tutamuita mama tu.

Ana watoto sita. Wa kwanza ni binti wa miaka 14, wa mwisho bado yuko mgongoni. Bwana yake anafanya kazi kwenye kariere ya dhahabu upande wa Kamituga, na anarudi nyumbani pale anapopata. Wengi wenu munajua maisha ya namna hiyo, hatuna haja ya kuyaeleza sana.

Anaamka saa kumi na nusu, giza lingali nene. Kabla ya kuwasha moto anasali kwa sauti ndogo. Anamtaja kila mtoto kwa jina lake, kisha bwana yake, kisha mbuzi. Ndiyo, mbuzi pia, maana alikuwa na mimba na mama alikuwa amekwisha kuhesabu kwamba mtoto wa mbuzi ndiye minervali ya mwaka unaokuja. Binti anashuka kuteka maji na bidoni ya lita 20, mdogo wake nyuma na ya lita 5. Uji, kufagia uwanja, kutafuta kiatu kimoja kilichopotea (siku ya pili kilipotea tena, kilekile), na watoto wanaenda masomo. Saa moja na nusu mama yuko shambani.

Ilikuwa sezoni B, maharagi yangali machanga katikati ya mihogo, wakati mzuri wa palizi ya kwanza. Tulishika majembe kusaidia. Mistari yetu ilikuwa imenyooka sana. Lakini mama, na mtoto mgongoni, alimaliza mistari minne, na sisi tulikuwa bado kwenye mmoja. Tulipokwenda kunywa maji alitufundisha jambo moja ambalo shuleni hatukulisikia: magugu ya asubuhi anayaacha juu ya tuta, mizizi ikitazama jua, lakini yakiwa na umande mwingi anayakung'uta udongo kwanza, la sivyo kesho yameshika tena. Ni jambo dogo, lakini tumeliandika.

Saa sita alikuwa na mzigo wa kuni mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Kisha kutwanga sombe, kuanika mihogo, kumfunga mbuzi mahali pengine, kumuosha mtoto. Tulikuwa tukiandika kila saa kwenye kaye, maana ndiyo kazi tuliyojipa: kujaza kalenda ya siku ya mama mkulima. Tulikuwa nayo kalenda ya namna hiyo tangu zamani, iko ukutani ofisini. Tuliitengeneza pamoja na komite. Kutoka saa nane mpaka saa kumi ya mchana imeandikwa: saa ya bure. Ndiyo sababu mafunzo tuliyaweka hapo.

Saa nane ya siku ya tatu mama aliosha miguu, akafunga kitambaa safi kichwani, akachukua kitunga alichokuwa ameanza kushona, na sindano yake kubwa, akatuambia, "Twende."

Tulifika kwenye baraza ya kanisa. Wamama 17 walikuwa wamekaa chini juu ya vilago. Waliimba kwanza. Mmoja akasoma, mwengine akaomba kwa ajili ya mama aliyezaa juzi na maziwa hayatoki vizuri. Wakatoa feranga kidogo kidogo kwenye kisahani, za kumnunulia mama huyo sukari na unga. Baadaye mikono yote ikaingia kazini. Hakuna aliyesema "tuanze".

Sisi watu wa mashamba hatukuwa tumewahi kukaa na kuangalia kazi hii. Kilago kinatengenezwa na mafunjo: bua linapasuliwa, linaanikwa siku kadhaa mpaka linakuwa jepesi na rangi ya manjano, kisha yanalazwa bua kando ya bua na kushonwa kwa kamba. Bua likianikwa kwa haraka na mvua ikalipata, linaota ukungu na kilago kinanuka. Kitunga ni kazi nyingine. Unachukua fungu la nyasi kavu nyembamba kama kidole, unalizungusha kuanzia kitovu, na kila mzunguko unaushona kwenye ule wa kabla yake, ukifunika nyasi na uzi wa rangi. Mama anaweka mistari ya pembetatu nyeusi. Hahesabu kwa mdomo. Tulipomuuliza anajuaje pa kubadilisha rangi, alisema mkono ndio unajua, na akikasirika mkono unasahau. Mwanae wa miaka 11 naye anashona. Wenzake wanamcheka kwamba ni kazi ya wanawake. Mama alimwambia mbele yetu: "Wakicheka, washonee masikio," na mtoto akaendelea.

Pale ndipo mmoja wetu, kwa nia nzuri, alianza kufanya hesabu. Vitunga vingapi kwa mwezi? Bei gani Bukavu? Tunaweza kuandika mradi mdogo, kuleta mnunuzi, kufanya stoki. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema: "Agronome, vilago ninauza. Kilago ndicho kilinunua mbegu yangu ya maharagi mwaka jana, wakati mkopo wenu ulichelewa. Lakini kitunga hiki siuzi. Hiki ni cha kanisa, cha sadaka. Na ni raha yangu. Niko na watoto sita, shamba, mbuzi, na bwana yuko mbali. Mukinifanyia raha yangu kuwa kazi, nitapumzika wapi?"

Tulinyamaza. Hatukuwa na fomu ya kuandika jibu hilo.

Tukajaribu njia nyingine. Tukasema, basi, kwa kuwa wamama wote mumekwisha kukusanyika hapa, tutaleta mafunzo hapahapa, barazani, nusu saa tu. Tuliona ni ufumbuzi mzuri sana. Wamama walitazamana, na mzee wao, mwanamke wa nywele nyeupe, akasema kwa upole: "Hapana. Hii saa iko ya Mungu na ya mikono yetu. Mukuje siku ya pili asubuhi, ku shamba, tutalima huku munasema." Basi. Tangu mwezi ule mafunzo yanafanyika siku ya pili, saa mbili ya asubuhi, kwenye shamba la mmoja wao kwa zamu. Ni mafupi kuliko ya zamani, na hatutumii tena ubao. Misalaba mitatu tuliifuta sisi wenyewe.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo limetufanya tuandike habari hii, maana ya kalenda lilikuwa rahisi.

Kalenda haikuwa karatasi moja tu. Kando yake ukutani kuna karata ya kinamasi, kile munachokiita mare, chini ya kijiji. Tulikipima mwaka uliopita pamoja na komite. Mahali pote palipo na mafunjo tulipaka rangi ya kijivu na kuandika: nafasi haitumiki. Mpango ulikuwa kukata mafunjo yote, kuchoma, kuchimba mfereji wa katikati, na kulima mboga wakati wa kiangazi: shu, nyanya, vitunguu. Ni sezoni C, kutoka mwezi wa sita mpaka wa tisa, wakati kule juu mlimani udongo umekauka. Mboga ya wakati huo inapata bei nzuri sokoni. Mpango haukuwa wa kijinga.

Lakini mafunjo hukatwa wakati uleule wa kiangazi, kwa sababu ni wakati wa kuanika. "Nafasi haitumiki" ndiyo ilikuwa imenunua mbegu ya mama. Na siyo ya mama mmoja. Kwenye baraza tuliuliza ni nani hajawahi kulipa kitu cha shamba au cha masomo kwa feranga za kilago. Hakuna aliyeinua mkono. Kwa nini hawakusema siku ya kupima? Kwa sababu tulipima na komite, na kwenye komite ile kulikuwa na mwanamke mmoja tu, naye siku hiyo alikuwa sokoni. Kosa ni letu, tulipaswa kuuliza.

Tulirudi kinamasini pamoja na wamama, tukiwa na viatu vya mpira, wao bila. Walituonyesha kwamba wana kanuni yao, ingawa haijaandikwa popote. Wamegawa mafunjo sehemu tatu na kila kiangazi wanakata moja, zile mbili zinapumzika. Wanakata bua lililokomaa, ambalo kichwa chake kimeanza kugeuka rangi ya udongo, wanaacha machanga. Wanakata, hawang'oi, kwa sababu mafunjo yanachipuka kutoka kwenye mizizi minene inayolala ndani ya tope. Ukikata mahali pamoja tena na tena bila kupumzisha, yanarudi membamba, halafu hayarudi.

Kwa upande wetu tuliwaeleza yale tunayojua. Udongo mweusi wa mafunjo unajengwa na majani na mizizi iliyooza polepole ndani ya maji kwa miaka mingi. Ukichimba mfereji mrefu mno na kutoa maji yote, udongo ule unakauka, unashuka chini, na ukikauka kabisa unaweza hata kushika moto ukaungua ndani kwa ndani. Mwaka wa kwanza mboga ni nzuri, na mkulima anafurahi. Baadaye mavuno yanapungua na yeye anafikiri ni mbegu mbaya. Mafunjo ya kando ya mto pia yanazuia tope la mlimani lisijaze mto. Kwa hiyo, hata kama hakuna anayeshona kilago, kuchoma mafunjo yote hakukuwa shauri jema, na sisi wenye diploma tulikuwa tumeisha kuliweka kwenye bajeti.

Mpango mpya uko hivi: mafunjo yabaki kwa upana wa mita 10 kila upande wa mto, pamoja na pembe ya chini ambako maji hayaondoki. Sehemu ya juu ilimwe mboga kwenye matuta yaliyoinuliwa, na mifereji mifupi inayoweza kuzibwa kwa ubao maji yakipungua. Vichwa vya mafunjo na maganda ambayo wamama wanatupa yatandazwe juu ya matuta ya mboga ili kutunza unyevu, na yanayobaki yaingie kwenye komposti pamoja na mavi ya mbuzi.

Si wote wamekubali. Wababa kadhaa wanasema mita 10 ni nyingi, kwamba shu linalipa kuliko kilago. Hatuwezi kusema wanasema uongo: kwa kiangazi kimoja, kama soko ni zuri na barabara inapitika, shu linaweza kulipa kuliko kilago. Lakini shu linaoza barabara ikiharibika, na kilago kinangojea. Wengine wanasema ndege wanaolala kwenye mafunjo wanakula mtama wao, na hilo pia ni kweli, tumeona. Mashamba ya mtama yaliyo karibu itabidi yalindwe au yabadilishwe zao. Kura itapigwa kwenye mkutano mkubwa kabla ya mwezi wa sita. Tumeomba komite jambo moja tu: mkutano usifanyike siku ya tatu saa nane. Na kila mwanachama aje na kura yake mwenyewe, maana kuna nyumba ambako karte ya koperative ina jina la bwana aliye kariere, na anayelima ni mama. Kama ni hivyo kwenu, mutafute komite mapema. Kuongeza jina la mama hakuhitaji safari ya Bukavu.

Tulipopita kwake mara ya mwisho, mbuzi alikuwa amezaa wawili. Kitunga cha sadaka kilikuwa kimekwisha, kimefunikwa na kitambaa juu ya kabati. Yule mwenzetu wa hesabu aliuliza tena kama hakiuzwi kweli. Mama akamkatalia, lakini akaingia ndani akatoka na fungu la nyasi na sindano, akamuonyesha namna ya kuanza kitovu. Mwenzetu amekianza chake. Mpaka tunapoandika haya kimefunguka mara tatu, na mtoto wa miaka 11 ndiye anayemsahihisha.