Walikale: Kabla ya kulipa minervali, wazazi wa Itebero waende kwanza kuona chuo kwa macho

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, Itebero inacheza. Poda nyeupe inamwagwa kichwani mwa waliofaulu, filimbi zinalia, mama anatafuta kuku. Siku mbili tatu zikipita, nyumba inatulia na swali linabaki mezani: mtoto ataenda kusoma wapi?

Mara nyingi jibu halitokani na masomo, linatokana na ukoo. Kama baba mdogo anakaa Bukavu, mtoto ataenda Bukavu. Kama shangazi ameolewa Kisangani, basi ni Kisangani. Kijana anapanda pikipiki au Fuso na mfuko wake, anafika mjini asikojua mtu mwingine, na anaandikishwa katika fakilte ambayo bado ina nafasi, au ile ambayo rafiki wa siku moja amemsifia. Miezi michache baadaye nyumbani wanasikia kwamba masomo hayamwingii, au chuo kinaomba feza ambazo hakuna aliyezitaja mwanzoni. Mwaka unapotea, na mbuzi waliouzwa hawarudi.

Wazazi wachache wameanza kufanya tofauti. Wanasafiri na kijana wao kabla ya kulipa chochote, wanakaa mjini siku mbili au tatu, wanatembelea vyuo viwili au vitatu, kisha wanarudi kuamua. Wengine wanasema ni kuharibu feza. Sisi tunaona ukilinganisha nauli hiyo na minervali ya mwaka mzima, kodi ya chumba na chakula, ndiyo matumizi madogo kuliko yote.

Shida ya kwanza ni barabara. Itebero iko kwenye barabara ya taifa nambari 3, ile inayotoka Bukavu kwenda Kisangani, kwa hiyo mzazi ana pande mbili za kuchagua. Upande wa mashariki anapita Musenge na Hombo, mahali ambapo mto unatenga Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, kisha Bunyakiri, anakata msitu wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, anatokea Miti mpaka Bukavu. Upande wa magharibi ni Walikale-centre, Lubutu, halafu Kisangani. (Wazee wanakumbuka miaka ndege ndogo zilipokuwa zikitua juu ya lami yenyewe kule Kilambo kuchukua kasiterite. Magari yalisimama kungoja ndege ipite.)

Tangu 2025 kuchagua upande si jambo la kilometa tu. Waasi wa AFC/M23 waliingia Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Mwezi wa tatu walifika mpaka Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne. Anayekwenda Bukavu anaweza kuvuka mistari ya wapiganaji zaidi ya mara moja. Hakuna gazeti linaloweza kukuambia barabara itakuwaje wiki ijayo. Anayejua ni dereva aliyefika jana jioni, na watu wa sosiete sivile wa kila kijiji utakachopita. Uliza watu watatu wasiojuana. Wakitofautiana, ngoja.

Halafu barieri. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu mbili, na msafiri wa kawaida hahitaji utafiti kuamini hilo. Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi wanalisahau: kijana hana kitambulisho. Kwetu kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho, na kuandikishwa kwa mwisho katika jimbo letu kulikuwa 2023. Aliyekuwa na miaka 15 au 16 wakati ule alibaki bila kadi, na sasa ni kijana mrefu mwenye ndevu changa anayesimama mbele ya mwenye bunduki bila karatasi yoyote. Mtengenezee cheti cha kuzaliwa, achukue kadi ya shule yenye picha na mhuri, na asafiri karibu na wewe, pikipiki moja kama inawezekana. Diploma au cheti cha kufaulu kibaki nyumbani, beba fotokopi. Feza zote zisikae katika mfuko mmoja, na nyingi ziwe kwenye simu, M-Pesa au Airtel Money, maana benki za Goma na Bukavu zilifungwa vita vilipoingia.

Mkifika, mtaona nini? Bukavu ina vyuo vingi ambavyo mtu anaweza kuvizunguka kwa siku mbili. Chuo Kikuu cha Serikali, UOB, kiko Karhale, katika komini ya Kadutu. Kilianza kama tawi la Kisangani. Chuo Kikuu cha Kikatoliki, UCB, kilifunguliwa 1989. UEA ya Waprotestanti iko Panzi, na wanafunzi wake wa udaktari wanafanya mazoezi katika hospitali ya Panzi, ile ya daktari Denis Mukwege aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani 2018. Kwa anayetaka ualimu kuna ISP, kwa maendeleo ya vijijini ISDR, kwa uuguzi na maabara ISTM. Anayependelea Goma, penye UNIGOM na ULPGL, kwa kawaida anashuka Bukavu kwanza na kuvuka ziwa kwa boti.

Kisangani ni safari ndefu zaidi lakini ina uzito wake. UNIKIS ilizaliwa 1963 kama chuo cha Waprotestanti, serikali ikaichukua 1971, ikapata jina lake la sasa 1981. Kwa mtoto wa Walikale kuna sababu ya pekee ya kuitazama: ina fakilte ya usimamizi wa mali asili na kituo cha kuchunguza viumbe vya msituni, na mjini humo pia kuna IFA-Yangambi ya kilimo. Kijana aliyekulia kati ya miti ya Itebero anajua majina ambayo wenzake wa mjini watayasoma katika vitabu. Nauli za ndani ya mji pia ni nafuu, toleka ya baiskeli inakufikisha karibu kila kartie.

Ndani ya chuo, usiishie kwenye geti na picha ya simu. Nenda aparitora, ofisi inayoandikisha wanafunzi, uombe orodha ya karatasi za dosie na bei zote kwa maandishi: minervali, kuandikishwa, mitihani, maabara, mazoezi, utetezi wa kazi ya mwisho. Uliza zinalipwa kwa mara ngapi, na kwa dola au kwa franka. Uliza kama opsio ya kijana inakubaliwa. Shule nyingi za vijijini zina pedagojia, na si kila fakilte inamfungulia mlango aliyemaliza pedagojia. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimeingia katika mfumo wa LMD, lisansi ni miaka mitatu yenye kredi 180, si tena graduwa mitatu na lisansi miwili. Chuo kisichoweza kukueleza kredi zake kinakuambia kitu.

Kisha mwache kijana aende peke yake, saa moja, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Watamwambia yale ambayo hawatamwambia baba yake: profesa gani haonekani, kompyuta ngapi zinawaka, maji yanapatikana saa ngapi. Kama ni msichana, ataambiwa pia kartie gani si ya kukodi chumba na nani si wa kumfuata ofisini kwa ajili ya pointi. Habari hiyo ni kubwa kuliko jengo lolote jipya.

Swali la mwisho ni zito, na linaulizwa kwa sauti ya chini. Diploma itatambuliwa na nani? Kuthibitisha diploma ni kazi ya wizara ya elimu ya juu, Kinshasa, na wizara hiyo imefunga mara kadhaa vyuo ilivyoona havifai. Omba kuona barua ya chuo inayokubali fakilte ile anayoitaka mtoto, si chuo kwa jumla tu. Katika miji iliyo mikononi mwa waasi, uliza pia waliomaliza mwaka uliopita walipata karatasi gani na nani alizitia sahihi. Kama hakuna anayejibu, andika hilo katika daftari pamoja na bei. Maswali hayo hayo yafaa kwa institute ya karibu na nyumbani, ambayo huenda ikawa ndiyo chaguo la busara mwaka ambao barabara imefungwa.

Jioni, mkiwa mmekaa kwa ndugu aliyewapokea, mwulize kijana yeye ameona nini. Nyumbani kwangu walitaka nisomee sheria, nikachagua habari, na mabishano yalichukua wiki tatu. Mwenye kukaa darasani miaka mitatu ni yeye. Baba anaweza kukataa kwa sababu ya feza, na hiyo ni haki yake, lakini aseme ni feza.

Kuhusu wakati: mvua hupungua kidogo kati ya mwezi wa sita na wa nane, na matokeo yakichelewa, usiyangoje, ofisi za vyuo zinapokea wageni hata kabla. Mwezi wa kumi matope ya upande wa Hombo yanaweza kuwalaza njiani siku mbili, na wakati huo wengine wameshajaza nafasi.