Wimbo wa Kuazima na Wimbo wa Kuzaa

Aghalabu watu huwabeza wanamuziki wanaopiga kopi, wakadai kuwa bendi isiyotunga haistahiki kuitwa bendi. Walakini mtu akiitazama kwa insafu historia ya gitaa katika pwani yetu, ataona kuwa bendi iliyoitangaza Kenya ulimwenguni kwa wimbo mmoja ilisomea fani yake katika kumbi ambamo mwenye kuamua kipigwe nini hakuwa mpigaji bali mgeni aliyeketi mezani. Bendi hiyo ni Them Mushrooms, iliyopata jina hilo mwaka 1972, ya wana wa Harrison, ndugu wa nyumba moja, asili yao Kaloleni ya Kilifi.

Ukivuka daraja la Nyali ukaifuata njia ya Kisauni hata Bamburi na Shanzu, au ukishuka feri Likoni ukaelekea Diani, utapita mbele ya mahoteli yaliyokuwa madrasa ya vijana hao na wenzao wengi. Kazi haikuwa na masihara: usiku mmoja huo huo hutakiwa rumba, rege, vibao vya Kizungu, na bila shaka Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William na kuimbwa baadaye na Miriam Makeba. Mpiga solo hana budi kuishika sauti ya wimbo wa mwenziwe barabara, maana msikilizaji anaujua, naye akiteleza mahali pamoja tu, vichwa hugeuka.

Katika adabu hiyo ndimo alimotoka Teddy Kalanda Harrison na Jambo Bwana, mwanzoni mwa miaka ya 1980: wimbo wa kuamkiana, mwepesi hata mgeni huudaka kabla mchuzi haujapoa. Mwaka 1983 Boney M. wakautoa kwa namna yao huko Ujerumani, na tangu hapo hakuna bendi ya hoteli isiyoupiga, hata wengi hudhani hauna mwenyewe. Mpiga kopi akawa ndiye anayekopiwa. Sifa hiyo ni kubwa, lakini sidhani kuwa inalipa deni la kusahauliwa jina.

Baada ya kuhamia Nairobi mwaka 1987 bendi hiyo iliwageukia wazee. Iliziunganisha nyimbo za kale katika rekodi za Zilizopendwa (desturi nisiyoipenda sana, kwani wimbo hukatwa ungali mtamu), ikashirikiana na Malika wa taarabu, na pia na Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa mwaka 1924, aliyewatumbuiza askari katika Vita vya Pili na kuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Hapo kuazima kulikuwa taadhima, kwa sababu mwenye mali alikuwapo, akiimba kwa kinywa chake.

Mombasa Roots nao, katika miaka ya 1980, waliichukua chakacha, ngoma ya wanawake arusini, wakaitia gitaa na dramu, ikavuma kwa jina la Disco Chakacha. Kibao hicho huhesabiwa kuwa chao, nami siwapingi. Ila mdundo wake walikuwa nao kina mama wa pwani kabla ya bendi kuzaliwa, na sijaona santuri iliyowaandika miongoni mwa watunzi.