Kwa Nini Tairi la Baiskeli Hupasuka Mteremkoni

Ndugu waendesha baiskeli, barabara itokayo Bugarama hadi Bujumbura hushuka zaidi ya mita 1,000. Ateremkaye na mzigo wa ndizi hubana breki mfululizo. Vipira vya breki husugua rimu, rimu hupata moto, na moto huo huifikia tyubu. Hewa ikipata joto hutanuka, na tairi lililochakaa ubavuni hupasuka ghafla. Likiwa la mbele, usukani haushikiki, na huenda nyuma yako kuna lori.

Basi twawasihi: kabla ya safari kagueni tairi pande zote, lenye ufa au nyuzi zilizojitokeza libadilishwe. Hakikisheni tyubu haikubanwa kati ya tairi na rimu, na utepe ufunikao vichwa vya spoku umekaa sawa. Hewa isizidi kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Punguzeni mzigo. Mteremkoni msiachie mwendo ukawa mkali. Baniane breki ya mbele na ya nyuma kwa zamu, na kila mara simameni kando ya barabara rimu zipoe. Ndizi zikichelewa sokoni zitapata mnunuzi. Uhai ukipotea haurudi.