SOMO LA KUMI: KUTOKA CHUO KIDOGO HADI CHUO KIKUBWA

Fungueni madaftari.

Tumepokea barua ya mama mmoja wa Mbweni. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, tunampa hongera. Anauliza: "Mwanangu anasoma chuo kidogo. Anasema chuo hakina jina, anataka kuacha. Je, ni kweli hawezi kufika vyuo vikuu vyenye sifa?"

Mama yetu, mwambie asiache. Sikilizeni habari ya mtu mmoja wa Pwani.

Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1933. Katika mtihani wa sekondari alipata daraja la tatu. Chuo cha Makerere, Uganda, hakikumpokea. Akafanya kazi ya ukarani. Mwaka 1955 akapata nafasi ya kwenda Uingereza. Huko alianza katika chuo cha mji wa Huddersfield, akamaliza masomo aliyopungukiwa. Mwaka 1960 akapata shahada ya kwanza Manchester. Mwaka 1961 akapata shahada ya pili Columbia, New York. Mwaka 1966 Oxford ikampa shahada ya udaktari. Na kile chuo cha Makerere kilichomkataa? Alikuja kuwa profesa wake.

Sasa, wanaochagua wanafunzi wa shahada ya pili hutazama nini?

Kwanza, alama, hasa za miaka ya mwisho.

Pili, barua za walimu. Hapa chuo kidogo kina faida. Mwalimu mwenye wanafunzi wachache humjua kila mmoja, na huweza kueleza kazi aliyoiona kwa macho yake. Barua inayosema tu "ni kijana mzuri" haisaidii.

Tatu, utafiti alioufanya na kuuandika.

Nne, maelezo yake: anataka kusoma nini, na kwa nini pale.

Lakini tusidanganyane. Jina la chuo nalo hutazamwa. Basi wa chuo kidogo hana budi kuonyesha zaidi.

Na fedha je? Upo msaada wa masomo wa Jumuiya ya Madola, ulioanzishwa mwaka 1959. Watanzania huweza kuuomba.

ZOEZI
1. Ali Mazrui alipata daraja la ngapi?
2. Barua ya mwalimu wa chuo kidogo ina nguvu gani?
3. Andika sentensi tatu za kumshauri kijana wa Mbweni.

Kwaherini, hadi somo lijalo.